Kuuza na Kuuzisha

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya benki, jua la mchana likituchoma utosini, na kijana mmoja aliyesimama mbele yangu akawasha sigara. Nilitoka kwenye mstari nikaenda kusimama kando ya mfereji, nafasi yangu nikaiacha ipotee. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akacheka na kumwambia mwenzake, "Huyu mama iko mutu ya maombi." Nikamwacha aamini hivyo. Moshi wenyewe mimi ninauvumilia kama watu wengine. Kinachonishinda ni ile pumzi ya kwanza, pale kibiriti na tumbaku vinapokutana kabla moshi haujatawanyika. Harufu ile ikinigonga, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu narudi kuwa msichana mdogo aliyekalishwa juu ya benchi, miguu haifiki chini.

Sisi tuliokulia Bunia wakati wa vita tuna mambo tunayoyasimulia kwa kicheko na mengine tunayoyazunguka. Hili mimi nimelizunguka miaka mingi. Leo nalisema.

Tulifika mjini kutoka Fataki, mama na mimi, tukiwa na godoro moja na sufuria. Baba alibaki nyuma aangalie ng'ombe, akasema atatufuata. Mwanzoni nilimwuliza mama atakuja lini, na kila nilipouliza mama alitafuta kitu cha kufua, hata kama ni kitambaa alichokifua asubuhi hiyohiyo, mpaka nikaelewa kwamba swali lile lilikuwa linamaliza sabuni, nikaliacha. Tulipata chumba mtaa wa Bigo, kwenye ua wa Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na moyo ambao aliuficha nyuma ya matusi madogo madogo.

Mama alianza kuuza vitu mbele ya ua, juu ya kameza kadogo: chumvi, sabuni ya vipande, na bombo, zile peremende za rangi ambazo mimi nilizikodolea macho kutwa nzima. Hakuna kilichotoka. Watu walikuwa wamekimbia na kukimbia tena, nani atanunua peremende? Mama Kavira akaja siku moja akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Mama Neema, sabuni mutu anaweza kukosa. Bombo anaweza kukosa. Sigara, hapana. Weka sigara, utakula."

"Mimi niko muimbaji wa kanisa," mama akasema. "Nitauzisha tumbako na hii kinywa moja ya kuimbia?"

"Kinywa haiuzishake. Mikono njo inauzisha."

Mama alikataa siku ile na siku zilizofuata. Kisha tukalala bila kula, tukaamka, tukalala tena vilevile, na asubuhi mama akaenda kwa Mama Kavira mwenyewe kuchukua paketi za kwanza. Alizipanga mezani amegeuza uso, jinsi mtu anavyobeba panya aliyekufa. Sigara zile zilikwisha kabla ya saa sita.

Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi na jambo. Kama lazima auze, basi atauza kwa namna ambayo Mungu mwenyewe ataona kwamba anajitahidi kuwazuia watu. Akatunga bei yake, bei ambayo mtaa wote ulikuja kuijua kwa jina la bei ya ndevu. Mzee mwenye ndevu nyeupe alilipa bei ya kawaida, kwa kuwa, mama alisema, huyo ameshaharibika na hakuna wa kumtengeneza. Mwenye ndevu nyeusi alilipa zaidi. Asiye na ndevu alilipa mara mbili, na akibisha inakuwa mara tatu. Na kila aliyenunua, awe nani, alipewa na maneno juu yake. "Moshi iko ya jikoni," mama alimwambia, huku akimpa sigara yake moja. "Mu kifua ya mutu, iko natafuta kitu gani?" Wazee walicheka wakawasha. Vijana walikunja uso, ila walilipa. Mimi niliketi chini ya meza na madaftari yangu, nikimwona mama yangu kuwa mwanamke mjanja kuliko wote wa Ituri.

Kuna wakati barabara ya kwenda ziwani ilifungwa kwa mapigano, na bei ya sigara ikapanda mji mzima, hata kwa wazee. Mama Kavira alilalamika kwamba mali imekwama njiani. Mimi nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe: nilidhani Mungu sasa amewakasirikia hata wenye ndevu. Nilimwambia mama hivyo, na hilo ni moja ya mara chache nilizomwona akicheka Bunia, kicheko cha kweli, mkono kifuani.

Wateja wake wakubwa hawakuwa na ndevu hata kidogo. Walikuwa wale wapiganaji watoto ambao mji mzima uliwaita kadogo. Waliingia Bigo asubuhi kutoka kambini, na sisi watoto wa mtaa tulijua kuwaangalia bila kuwaangalia. Mmoja wao aliitwa Janvier, mtoto aliyetoka kijiji cha Boga. Alivaa koti la mvua la kike, la rangi ya waridi, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Yeye alikuja kila siku.

"Mama, leo unifanyie bei ya muzee."

"Ndevu iko wapi?"

"Itakuya."

"Basi ikuye kwanza. Weye unapashwa kuwa mu masomo, hapa unakuya kujichoma mapafu. Mama yako anajua?"

Janvier aliangalia chini kama mtoto yeyote anayekaripiwa, akalipa mara tatu. Sijui fedha alizitoa wapi, na mama hakuuliza. Siku moja alimpa bombo badala ya sigara, bure, akamwambia afyonze hiyo. Janvier aliichukua, akaifyonza palepale mezani mpaka ikaisha, halafu akaomba na sigara. Mama alishika kichwa.

Ndipo likaja tangazo. Mji ulikuwa umeingia mikononi mwa wakubwa wengine tena, kadogo walewale wakabaki, na kambi ilikuwa na kamanda mpya. Gari lilipita Bigo polepole, na mtu aliyesimama nyuma na kipaza sauti akasema maneno machache, akayarudia kila kona: "Kwa amri ya kamanda, ni marufuku kuuza sigara kwa askari. Atakayeuza ataadhibiwa vikali."

Hapa wasomaji wa kwingine wataniuliza nini kilikuwa kigumu kuelewa. Kigumu ni hiki. Kwetu Bunia, kuuza ni kutoa fedha na kuchukua kitu. Ukienda sokoni ukarudi na samaki, umeuza samaki. Aliyekupa samaki, yeye ameuzisha. Na ukisema umeuza kwa fulani, maana yake kitu umekipata kwake. Kamanda mpya alikuwa amekulia ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko na cha vitabu, ambacho ndani yake kuuza ni kazi ya mwenye duka. Mimi nilikuwa nimekutana na Kiswahili hicho shuleni, kwenye kitabu cha kusomea, palipochorwa mama ameketi nyuma ya rundo la ndizi na chini yake pameandikwa "Mama anauza ndizi". Darasa zima tulimwuliza mwalimu kwa nini mama huyo anayenunua ndizi ameketi upande usio wake. Mwalimu alisema hicho ni Kiswahili cha kitabu, tukiache kibaki kitabuni. Tulikiacha.

Kwa hiyo Bigo nzima ilisikia amri iliyo wazi kabisa na yenye akili: watu wasinunue sigara kutoka kwa askari. Na ilikuwa na sababu. Maduka yalikuwa yameporwa, na wapiganaji walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na maboksi ya sigara wakiyatoa kwa bei ya kutupa. Watu walisema, angalau huyu kamanda ana adabu, hataki mali ya wizi. Mama alifurahi kuliko wote. "Sijauzaka kwa musoda hata siku moja," alimwambia Mama Kavira. "Yangu yote natosha kwako." Musoda kwetu ni askari, na kutosha ni kutoa. Siku iliyofuata mpiganaji mmoja mkubwa alimletea boksi zima, na mama akamwonyesha barabara. "Kamanda yenu amekataza," akamwambia. Yule mtu alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu, akaondoka na boksi lake. Mama akanigeukia na uso wa ushindi.

Janvier na wenzake waliendelea kuja. Mama aliendelea kuwauzia kwa bei ya ndevu na mahubiri yake juu. Hakujificha. Kwa nini ajifiche?

Walipokuja kumwita, walikuja kwa heshima, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Walikuwa wawili, watu wazima, wakasimama nje ya ua wakabisha hodi. "Kamanda anamwita mama mwenye sigara," wakasema. "Ajitayarishe, tunamngoja." Mama Kavira alikuja mbio kutoka chumbani kwake. Mimi nilimwona mama ameweka mkono kinywani, nikadhani anaogopa, kisha Mama Kavira akamwambia kwa sauti ya chini:

"Ni ile boksi. Amesikia ulikatala mali ya kuiba."

"Unawaza?"

"Sasa angekuitia kitu gani? Bakikuitia mubaya, batangojaka mutu avae? Vaa. Pengine atakupa hata muchele."

Basi mama akavaa kitenge chake cha Jumapili, cha kijani chenye ndege, ambacho alikuwa amekikimbiza kutoka Fataki ndani ya sufuria. Akafunga kitambaa kichwani mara ya kwanza hakikumpendeza, akakifungua akakifunga tena. Mimi nilipakwa mafuta miguuni na kuvishwa soksi nyeupe, kwa sababu nilisema nami nataka kumwona kamanda anayekataza wizi, na mama hakuwa na mtu wa kuniachia ila Mama Kavira, ambaye alisema, "Mubebe. Akiona mutoto atakupa mingi." Njiani niliruka-ruka. Majirani walitutazama kupitia nyufa za milango, nikawapungia mkono.

Kambi ilikuwa kwenye majengo ya ofisi za zamani, yenye uwanja katikati. Waliniketisha kwenye benchi ukutani. Kamanda alitoka akiwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, na aliposalimia, "Habari ya asubuhi, mama," nilifurahi moyoni, maana alizungumza kama kitabu chetu. Nilijiambia kwamba lazima kabla ya vita alikuwa mwalimu. Nyuma yake kadogo wengi walikuwa wamepangwa mistari, na pembeni, peke yake, bila koti lake la waridi, alisimama Janvier. Jicho lake moja lilikuwa limevimba.

"Mama," kamanda akasema, "wewe unauza sigara kwa askari wangu?"

"Hapana, muzee. Hata moja. Mungu iko shahidi."

"Hujauza?"

"Sijauzaka."

Kamanda akamgeukia Janvier. "Rudia ulichoniambia."

Janvier akasema polepole, bila kumtazama mama, "Niliuza kwake, afande."

"Wewe uliuza kwake? Au yeye aliuza kwako?"

"Mimi njo niliuza, afande. Yeye hapana."

Kadogo mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Kamanda alitabasamu kama mtu anayetaniwa na asiyependa utani. Akamwuliza mama sigara zake amezitoa wapi, na mama akajibu kwa ujasiri, akiwa bado anaamini kwamba hapa ndipo sifa zake zinapoanza, "Zote naliuza kwa jirani yangu, hapana kwa basoda." Kamanda akasema, "Kumbe hata jirani unamwuzia." Mama akakunja uso. Mimi kwenye benchi niliwatazama wote watatu wakisema kweli, na kila kweli ikizidi kuwachanganya.

Mama ndiye aliyelifungua fundo, mama mwenyewe, kwa kuwa hakujua kusema nusu ya jambo. Alitazama jicho la Janvier lililovimba, akamtazama kamanda, akasema, "Muzee, kama uko naulizia kuuzisha, mimi nilimuuzishaka. Yeye na benzake. Kila siku. Hiyo hamukukatazaka. Mulikatazaka kuuza."

Kamanda akamsogelea hatua moja.

"Kuuzisha ni nini?" kamanda akauliza.

"Njo ile ya mwenye meza, muzee. Mimi nauzisha, yeye anauza."

Nilimwona kamanda akielewa. Naapa nilimwona. Uso wake ulilegea, macho yakapata nuru ya mtu aliyetatua hesabu, na mimi nikashusha pumzi, nikijua kwamba sasa atacheka, atuambie twende nyumbani, labda na mchele. Alielewa vizuri kabisa kwamba mama hakuvunja amri aliyoisikia. Naye akacheka kweli, kidogo.

"Ahaa," akasema. "Kwa hiyo wewe umewauzisha. Lugha yenu tamu. Basi na sisi leo tutakuvutisha."

Walileta paketi zilizochukuliwa kwenye meza za wanawake wengine, wakaziweka kwenye beseni. Mama akaambiwa aketi kwenye kiti katikati ya uwanja. Janvier akapewa kibiriti, akaamriwa amwashie. Mimi sikuelewa bado. Nilidhani wanamtaka aonje kama mali yake ni nzuri, kama wanunuzi wa kahawa wanavyofanya. Nilielewa mama aliposema, "Muzee, mimi sijavutaka. Niko mutu ya kanisa," na yule mtu mzima aliyebisha hodi kwetu kwa heshima akamshika kidevu na kumwekea sigara mdomoni.

Harufu ile ya kwanza ilinifikia kwenye benchi. Kibiriti, kisha tumbaku.

Mama alikohoa mpaka akainama. Wakamwinua. Ilipokwisha ile akawashwa nyingine, na nyingine, bila kupumzishwa, na huku hayo yakiendelea kamanda alikuwa akitembea mbele ya mistari ya kadogo, mikono nyuma, akifundisha. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Aliwaambia kwamba sigara huharibu mapafu. Aliwaambia kwamba mpiganaji bila pumzi ni maiti inayotembea, kwamba moto wa sigara gizani humwonyesha adui pa kupiga, kwamba anawapenda kama watoto wake na hataki wafe kwa moshi. "Tazameni," akawaambia, akimwelekezea mama kidole jinsi mwalimu anavyoelekeza ubaoni. "Tazameni moshi unavyomfanya mtu." Kila neno alilosema ndilo mama alilokuwa akiwaambia watoto walewale kila asubuhi mezani kwake, bure. Walitaka kitu kimoja, yeye na mama yangu. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na bado linaniacha na butwaa kama lilivyoniacha siku ile.

Kadogo walicheka mwanzoni. Mama alipotapika juu ya kitenge chake, vicheko vilipungua. Kitambaa chake cha kichwani kilianguka, na nywele zake, ambazo hata mimi niliziona mara chache, zikawa wazi mbele ya wanaume wote wale. Moshi ulimtoka puani na mdomoni kwa pamoja. Mimi nilijua moshi ukitoka ndani ya nyumba maana yake nyumba inaungua, basi nikapiga kelele kwamba mama anaungua, leteni maji. Mtu mmoja akanikandamiza kwenye benchi. Ni Janvier aliyekuwa karibu na mama, vijiti vya kibiriti vikimzimikia mkononi. Nilimsikia anamnong'oneza mama kila alipoinama kumwashia: "Usimeze, mama. Uishike mu kinywa tu. Ukiivuta, vuta kidogo-kidogo na pua. Ivi. Polepole." Alikuwa analia. Alikuwa akimfundisha.

Sijui ilichukua muda gani. Beseni lilipokwisha, kamanda alimsogelea mama akamwambia kwa adabu ileile ya mwanzo, "Nenda nyumbani. Usiuze tena." Kisha akaongeza, akajipenda kwa kuongeza, "Wala usiuzishe."

Tulirudi Bigo kwa miguu. Mama alishika ukuta wa kila nyumba tuliyopita. Mimi sikuthubutu kumshika mkono kwa sababu ulikuwa unanuka. Majirani walewale walitutazama kupitia nyufa zilezile. Mama Kavira alitusubiri mlangoni na sahani tupu aliyoiandaa kwa mchele, akaona kitenge, akaiweka sahani chini polepole. Hakutukana mtu siku ile. Alimvua mama nguo, akamwogesha uani kama mtoto mchanga, na mama akamwacha amwogeshe.

"Kiswahili ya ng'ambo," Mama Kavira alisema baadaye, ameketi mlangoni kwetu na mikono imemlegea. "Kule kuuza njo kuuzisha. Mimi nilienda biashara kule, ninajua. Nilijua, Mama Neema. Na sikuwaza. Nilisikia na masikio ya hapa." Mama alikuwa amegeukia ukuta.

Alilala kwa siku nyingi. Uji aliokunywa aliutapika. Aliporudi mezani, alirudi na chumvi na sabuni peke yake, na wazee wenye ndevu nyeupe walipita wakimsalimia kwa sauti ndogo bila kuomba kitu. Sigara zikaadimika Bigo na bei yake ikawa ya kutisha, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyethubutu tena kuweka hata paketi. Lakini kadogo walipita wakivuta kama kawaida. Mama Kavira ndiye aliyetuambia zinatoka wapi. Wale wakubwa wa kambi walikuwa wanawauzia watoto wenyewe, mle ndani, kwa bei waliyoipanga wao. "Sasa bo benyewe njo banauzisha," akasema. Mama alisikia hilo akaendelea kukata kipande cha sabuni. Mimi ndiye niliyelia kwa hasira. Nilitaka aseme kitu, amlaani yule mtu, aombe, aimbe, chochote. Kanisani alikuwa amerudi, ila alikaa nyuma na akawa haimbi. Alisema koo linamkwaruza. Janvier hatukumwona tena. Koti lake la waridi nililiona mara moja mgongoni mwa kadogo mwingine.

Nilijua kwamba chini ya kitanda kulikuwa na paketi zilizobaki, zile alizokuwa hajaziweka mezani siku alipoitwa. Nilisubiri siku ya kuzichoma. Kichwani mwangu nilikuwa nimeipanga yote: tutazichoma uani, Mama Kavira awepo, moto uwe mkubwa, na baada ya hapo mama yangu atakuwa mama yangu. Kila nilipofagia chini ya kitanda nilizigusa kwa ufagio kuhakikisha zipo. Ikafika siku nikafagia na ufagio ukapita bila kugusa kitu, na furaha iliyonipata sijui niifananishe na nini. Nilijua ameanza bila mimi. Nilitoka mbio kwenda nyuma ya jiko, nisikose moto.

Ilikuwa mchana, mboga imekaa motoni, kuku wanachakura. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia, mgongo ameuegemeza ukutani, macho amefumba. Hakukuwa na moto wowote uani. Sigara ilikuwa katikati ya vidole vyake viwili, imeshikwa vizuri, bila kutetemeka. Akaipeleka mdomoni, akavuta kidogo, na moshi ukamtoka puani polepole, laini, ukapanda mbele ya uso uliotulia kuliko nilivyouona tangu tutoke Fataki. Nilisimama pale kwenye kona ya jiko, mikono kifuani, nikisubiri akohoe. Nilimwomba Mungu akohoe.

Hakukohoa.